Sauti ya Upande Mmoja

Osmund Kihwele anauza mbao Mafinga,
nguzo, maranda ya kuku, kuni za msiba.
Aliniita mwezi wa sita, baridi inang'ata vidole,
akatua mezani simu nne za mkononi
zilizofungwa kwa mpira kama tita:
"Hii ya Dodoma, hii ya madeni,
hii hupokelewa na yeyote, na hii sijui ni ya nani.
Mteja akipiga anaongea na honi ya lori."

Nikamtajia bei. Akauliza, na programu je?
Nikasema, programu ni bure.
Akainuka, akafunga mlango.
"Cha bure, binti, kina mwenyewe.
Anakuja kukidai siku ya mavuno."

Nikamuuliza: unakumbuka kulima kwa kualikana?
Leo bondeni kwa Mgimwa, kesho kwenye kinyungu chako,
na anayekuja na jembe haulizwi ukoo
mradi tuta lake halipindi?
Ndivyo hii ilivyoandikwa, mstari kwa mstari,
na watu nisiowajua, wengine usiku,
wengine kwa kuiba saa za mwajiri,
na tuta likipinda yeyote hulinyoosha
wote wakitazama.

Akacheka. "Na ulanzi anatoa nani?"
Hilo sikuwa na jibu lake.

Seva ni kompyuta ya mtumba kutoka Uyole,
imekaa juu ya rafu ya paina inayotoa utomvu bado.
Chini yake betri mbili za lori.
Mtandao nao njia mbili, mkonga na mnara,
maana ule hukatwa na greda, huu huzibwa na mvua.
Mia na moja, Edda wa mapokezi.
Mia na mbili, kwenye misumeno, kengele na taa nyekundu,
kwa sababu kule kengele peke yake haitoshi.
Salamu aliirekodi Edda akiwa na mafua:
*kwa bao, bonyeza boja.*
Tulicheka, tukasema tutairudia. Ipo hadi leo.

Siku ya tatu, ugonjwa.
Mteja anasikika, Edda hasikiki.
"Haloo? Haloo? Huyu dada kanuna?"
Nusu ya maneno inafika,
nusu inazunguka nje ya lango
ikitafuta nyumba kwa anwani isiyokuwepo.

Ugonjwa huu naujua.
Baba yangu yuko Kiwira, masikio aliyaacha kiwandani,
miaka ishirini na saba ya msumeno.
Jumapili nampigia. Ananieleza migomba, goti, bei ya mbolea,
nami namjibu, namjibu,
na yeye: "Tusajigwe? Mbona husemi?"
Kule hakuna faili la kufungua.

Hapa lilikuwepo. Siku mbili nasoma kumbukumbu za mtambo,
macho mekundu kama ya mchoma mkaa,
hadi nikaliona pengo: anwani ya nje, haikujazwa.
Mstari mmoja.
Na juu ya mstari huo, mgeni wa nchi sijui gani
alikuwa ameacha maneno kwa kimombo:
hapa nilipoteza siku mbili, usipoteze zako.
Nikaandika chini yake, kwa Kiswahili:
Nami mbili. T., Mafinga.
Nikairudisha kwa wote.

Novemba radi ilipiga kwa Mgimwa, ikaua runinga na ng'ombe.
Umeme ukaondoka Alhamisi, ukarudi Jumamosi.
Osmund hakunipigia.
Katika kazi yangu hiyo ndiyo asante:
simu isiyokuja.

Hata hivyo saa tisa usiku usingizi ulinikimbia.
Ipo namba isiyobandikwa ukutani kwa Edda,
ya majaribio; ukiipiga, mtambo
hukurudishia sauti yako jinsi ilivyo.
Nikapiga nikiwa chini ya blanketi mbili.
Nikasema, "Hodi."

Nikasubiri.

"Hodi," ikarudi, na mvua ya bati langu ndani yake.
Nikakata, nikalala.