Sufuri Tatu

Oulu, saa tisa usiku. Raili Kemppainen
anaihesabu kumbukumbu kwa nane nane:
nane, kumi na sita, ishirini na nne.
Kila anwani inaishia na sufuri tatu,
vyumba vitatu vya uani visivyo na mpangaji.

Mwezi Machi aliviona, akasema: kodi ya bure!
Akapanga humo alama zake:
moja, kitabu kimechelewa;
mbili, mwazimaji ni mtoto;
nne, huyu msimtoze faini.
Hakuomba hata biti moja ya ziada.
Alijizawadia andazi la iliki.

Mfagiaji hana chuki, ana orodha.
Hufuata kila kielekezi hadi mlangoni;
asiyeelekezwa na yeyote humhesabu mfu.
Usiku huu alikuta anwani inaishia na moja.
Haigawanyiki kwa nane, akasema,
hii si anwani, ni namba tu.
Akapita.

Na nyuma ya mlango ule
jina la bibi mmoja lilikuwa hai,
likingoja kuitwa.

Asubuhi skrini ya maktaba ingemwita
"Supu ya samaki na".

Raili anaongeza mstari mmoja:
kabla ya kuhukumu, vua biti tatu za mwisho,
ndipo ubishe hodi.
Anajaribu. Jina linabaki.

Nje, katapila la theluji linanguruma barabarani,
linasukuma kila kisicho na mwenyewe.
Raili anafunga kompyuta, anatafuta glavu,
kisha anakumbuka
baiskeli.