Saa Mbili

Ghaniya wa famasi, hospitali ya Ibra,
Kiswahili alikirithi kwa bibiye wa Wete,
kimetoboka hapa na pale kama chandarua cha zamani.
Aliniambia dirishani:
"Hii ya kidonda, mpe saa mbili, kabla ya kula."
Nikaishika saa mbili.

Saa mbili asubuhi, kisahani cha bati:
kapsuli ya kijani, na ubavuni mwake
kidonge cheupe cha chokaa
anachotafuna Zahran kila akila
kiikamate fosfeti ya nyama na mtindi
isimwingie damuni, maana figo zimestaafu
na mashine ina zamu zake tu,
Jumamosi, Jumatatu, Jumatano.
Nilivipanga pamoja. Nilijiona hodari.

Siku ya tisa kidonda kikanuka juu ya bendeji.
Daktari akauliza kama namnyima dawa.
Mimi!
Mimi ninayempimia hata maji, funda kwa funda.

Ghaniya akanivuta pembeni: "Wampaje?"
Nikamweleza. Akajishika kichwa.
"Masaa mawili, bibi. Masaa mawili kabla.
Si saa mbili."

Chokaa, akasema, haichagui.
Kapsuli ikipita karibu, huikamata nayo.
Hazikugombana humo tumboni;
zingegombana tungesikia.
Zilikumbatiana kimya kimya, zikatoka pamoja,
mguu ukabaki na yake.

Siku hizi kapsuli huja baada ya Alfajiri,
kwa maji niliyomwekea akiba tangu jana.
Mkate umefunikwa kitambaa.
Mayai sijayavunja.
Chokaa iko kabatini, ufunguo ninao mimi.

Na sisi tunakaa.
Zahran, mtu wa kula na kuondoka,
hana pa kuondokea.
Mbuzi wa jirani wanaanza kelele zao,
mlima unatoka gizani kidogo kidogo,
naye anazungumza: kambi ya mafuta ya Fahud,
mpishi aliyetia chumvi mara mbili,
mshahara wa kwanza uliolowa jasho mfukoni.
Jana alinambia kule alikuwa akilia usiku,
shuka mdomoni, wenzake wasisikie.
Miaka arubaini ya ndoa. Sikuwa najua.

Kidonda kinakauka, ukingoni kwanza.

"Bado?" ananiuliza, jicho liko kwenye kitambaa.
Naitazama saa ya ukutani.
Imeshatimia, dakika kumi nyuma.
"Bado," namwambia.