Kibodi ya Boksi

Ntokela, Januari. Ukungu umeingia darasani
bila kubisha hodi, umekaa dawati la nyuma
pamoja na wale wasiofanya kazi ya nyumbani.
Mimi nimebeba maboksi ya mafuta ya kupikia,
kisu, rula, kalamu ya wino mzito,
na semina ya siku tatu niliyopata Mbeya mjini,
mbili kati ya hizo tukisubiri umeme urudi.

Nikachora vibonye. Q, W, E, R.
"Mwalimu, mbona hazianzi na A?"
Huyo ni Ambakisye, na ana haki.
Nikasema waliozipanga hawakupita darasa la kwanza.
Wakacheka, nami nikapata dakika moja
ya kutotafuta jibu.

Kibodi ni boksi. Kipanya
ni kiazi kilichokataliwa na mnunuzi wa lumbesa,
kidogo, chenye macho mawili, panya kabisa.
Skrini ni ubao. Umeme ni mimi:
nikisimama wanawaka, nikikaa wanazima.

Siku ya maelekezo nikawaambia:
mashine haina busara, ina utii tu.
Tusajigwe akawa mashine, Ambakisye mtoa amri.
Hatua nne mbele. Geuka kushoto. Hatua sita.
Ya tano ilikuwa mtaro.
Akaingia na viatu, na soksi, na utii wake wote,
akasimama humo, maji magotini,
akisubiri amri inayofuata.
Kesho yake mama yake akaja kuniuliza
hilo somo linaitwaje.

Kufika Juni, baridi ile ya kupasua midomo,
Subilaga alikuwa anachapa bila kutazama.
Jumamosi huokota viazi nyuma ya jembe la mama yake;
vidole vyake vimezoea kutafuta kitu gizani.
Ninasoma imla, naye juu ya boksi: tu, tu, tu,
kama matone ya kwanza kwenye bati.
Hakuna aliyejua kama amepatia.
Boksi halisahihishi. Boksi linameza.
A ilifutika kwa kuguswa, nikaichora upya mara tatu.

Agosti ikaja yenyewe, moja,
juu ya fuso la mbolea, imeviringishwa blanketi
kama mgonjwa anayepelekwa Igogwe.
Ikawekwa ofisini kwa mkuu, kwenye soketi pekee.
Watoto arobaini na saba mlangoni.
Nikamwita Subilaga.
Alikuwa amenawa mikono mpaka kwenye viwiko.

Akabonyeza S.

sssssssssssssssssssssssss
sssssssssssssssss

Ikakimbia mstari mzima, ikashukia wa pili.
Akaogopa, na kwa kuogopa akazidi kukandamiza.
"Ameiua!" mtu akasema.
Mwalimu mkuu akaanza kutafuta risiti.
Mimi nilikuwa natazama kile kidole,
kimetulia palepale kama nilivyotaka miezi yote:
bonyeza, ushikilie, mwalimu apite aone.
Nilikuwa nimewafundisha kubonyeza.
Kuachia sikuwafundisha.
Boksi halikuwahi kudai.

"Achia," nikasema.
Akaachia. Zikasimama.
Nikamwonyesha kibonye cha kufuta,
zikarudi nyuma moja moja hadi weupe mtupu.
"Zinakwenda wapi?"
Mkuu akanitazama. Darasa likanitazama.
"Sijui, Subilaga. Nitauliza."
Na ile ilikuwa mara ya kwanza mwaka huo
nilipojibu kitu bila kuchora.

Akarudi kwenye kibodi polepole,
kama anayemenya kiazi cha moto:
gusa, ondoa. Gusa, ondoa.
subilaga
Akalitazama muda mrefu, kichwa upande.
"Jina langu linaanza na herufi kubwa,"
akaiambia mashine, si mimi.

Mlangoni, arobaini na sita
walikuwa wanapuliza vidole vyao.