Vidato Viwili

Malori saba yaliingia Wrocław usiku,
barafu imegandia maturubai.
Miaka minne Gdynia tiketi ziligombaniwa,
na hapa jukwaa likatukataa:
dari yake imeinama.

Fundi Zdzich akapima, akapima tena,
akatema kucha aliyokuwa akiitafuna,
kisha ngazi yetu ya dhahabu
akaipunguza kwa msumeno,
vidato viwili.

Bogna aliambiwa. Lakini mguu
una kumbukumbu zake.
Wimbo wake hushuka vidato kumi na viwili,
sauti moja kila kidato.

Usiku wa kwanza, mzaha uliowavunja mbavu Gdynia
ulianguka kama kijiko jikoni.
Mtu akakohoa. Mwingine akatazama saa.
Bogna akaanza kushuka:
nane, tisa, kumi,
na cha kumi na moja hakikuwepo.
Kisigino kikagonga sakafu, paa!
Wimbo ukakatika katikati ya neno “milele”.

Ukumbi mzima ukacheka.
Mwongozaji, gizani, akaandika: *Kibaki.*

Sasa kila usiku anajikwaa kwa ustadi.
Vile vidato viko nyuma ya pazia.
Kimoja nakikalia mimi,
nikishona kisigino.