Nusu Hatua

Kwanza mbegu za zingefuri, nyekundu kama matofali yaliyolowa,
zinasagwa kwa siki, kitunguu saumu, bizari,
pilipili kavu zilizoloweshwa hadi zikakubali,
na karafuu mbili. Mbili tu, anasema mama,
ya tatu ni ya msibani.

Bega la nguruwe baba analikata mwenyewe.
Miaka ishirini na miwili alisimama kibandani, pale kona,
nyama ikizunguka mbele ya moto
kama bibi harusi anayejipima gauni,
naye kwa kisu kirefu akiinyoa.
Juu kabisa lilikaa nanasi.
Kisu kiligusa, kipande kikaruka,
kikapita juu ya kichwa chake, nyuma ya mgongo,
kikatua ndani ya taco bila yeye kugeuka.
(Taco: msicheke, mnaosoma. Kila lugha ina aibu zake.)
Watu walivuka mji kuja kuona.
Walivuka nchi, anasema baba.
Eleuterio, anasema mama, chumvi tia kwenye nyama.

Sasa kibanda ni duka la simu,
na mkono wake wa kulia unatetemeka
hata ukiwa umelala juu ya goti,
kana kwamba una habari
na unatafuta pa kuanzia.
Vipande vinatoka vingine vinene, vingine kama karatasi.
Hakuna anayevirudia.

Kisha juu ya paa. Hatuna mhimili wa kuzungusha nyama;
tuna nusu pipa, mkaa,
wavu ambao mchomeleaji alitulipia deni,
tangi la maji, nguo za jirani kwenye kamba,
na Canelo, mbwa wa paa,
ambaye hajawahi kushuka barabarani
lakini anaibwekea kila siku.
Magharibi ya Puebla mlima unafuka moshi wake.
Nao unachoma, anasema dada yangu Yaretzi,
ila hautualiki.

Mafuta yanadondoka, moto unaruka kuyapokea.
Harufu inashuka ngazi, inagonga milango,
na mzee Abundio wa chini anapanda
na mapichi manne ndani ya kofia,
ya mti wake, madogo, magumu, yenye manyoya.
Nanasi peke yake, anasema, lina kiburi.
Tunayapasua, tunayalaza wavuni;
sukari yake inaungua ukingoni,
inakuwa nyeusi, chungu kidogo,
uchungu ambao ulimi hauulizi bei.

Yaretzi anageuza chapati za mahindi kwa vidole vitupu,
akilaani kila ya tatu.

Baba anasema: nipeni kisu.

Tunaangalia mkaa. Tunaangalia nguo za watu.
Mama anachukua chapati mbili, moja juu ya mwenzake,
anazilaza kiganjani, nyama, kitunguu, giligilani,
anasimama nyuma ya mgongo wa mumewe
umbali uleule wa zamani.

Kipande cha kwanza kinaenda kwa Canelo.
Anakinusa, anamtazama baba, anakiacha.

Cha pili kinapaa vibaya, chini mno, kushoto mno,
na mama, ambaye magoti yake
hayapandi ngazi bila mabishano,
anasogea
nusu hatua,
kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni.

Nanasi linatua.

Baba hageuki. Kugeuka ni mwiko wa kazi.
"Kimeingia?"
"Kimeingia. Kingeenda wapi?"
Na anakamua ndimu juu yake
kama mtu mwenye foleni ya wateja.

Mzee Abundio akakohoa,
ingawa moshi ulikuwa unaelekea kwetu.

Nilikula saba. Shati langu lina doa la zingefuri mpaka leo,
sabuni tatu zimeshindwa.
Na pichi lilikuwa tamu kuliko nanasi,
jambo ambalo usiku ule
nisingelisema hata kwa kisu shingoni.