Kiambatisho cha Kumi na Tisa

Wanataka picha ishirini, zisizidi.
Nyuma ya kila moja: nani, wapi, lini.
Basi usiku huu meza ya jikoni imegeuka ofisi,
mimi na Lorne tunaipanga ndoa yetu kwa tarehe
kama tunapanga karata za watu wengine.

Hii, siku ya ndoa, ukumbi wa manispaa, Saskatoon.
Mashahidi wawili: dada yake, Darlene,
na jirani, mzee Wasylenko, aliyekuja na viatu vya mpira
kwa kuwa theluji ilikuwa ikiyeyuka;
katika kila picha anavificha nyuma ya gauni langu.
Hii, bili ya umeme yenye majina yetu mawili,
ila langu wameliandika Nelson.
Lorne alikaa kwenye simu dakika arobaini akieleza
kwamba haishi na Nelson, anaishi na Nestan, mkewe.
Hii, risiti ya godoro.
Kuna afisa mahali fulani, simjui kwa sura wala kwa jina,
atakayejua bei ya godoro letu.

Fomu inauliza: mlikutana vipi? Elezeni kwa ukamilifu.
Imetupa mistari sita.
Nikaandika: duka la dawa, Kutaisi, nikiwa zamu.
Mteja kashika shavu, jino linamuua,
hana hata neno moja la kuombea dawa.
Sikuandika kwamba nilimcheka kwanza,
dawa ikafuata.

Na juzi tuligombana.
Yeye hushusha joto la nyumba, maana mshahara ni mmoja,
mimi hulipandisha, maana mifupa ni yangu.
Nikamfokea Kigeorgia, akanijibu Kiingereza,
hakuna aliyemtafsiria mwenzake, wala hapakuwa na haja.
Akalala kwenye kochi.
Saa tisa usiku akarudi kimyakimya
na nyayo zake, barafu tupu, akazibandika kwenye zangu.
Ndoa ya kughushi ingezitoa wapi nyayo kama zile?
Nimeipekua fomu kurasa zote.
Hakuna kisanduku cha nyayo.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Mimi ni mgeni wa siku mia nne na kumi na moja
na jembe langu liko kwenye foleni, linangoja mhuri.
Naruhusiwa kupika. Naruhusiwa kungoja.
Kuhesabia wagonjwa vidonge, kazi ya miaka tisa,
bado siruhusiwi.

Ketino alipiga simu: mama anapasuliwa nyonga, njoo.
Hakuna aliyenikataza kwenda.
Mlango uko wazi, na huo ndio ujanja wake:
kutoka ni hiari yako,
kurudi ni hiari yao.
Nikakaa bafuni, simu sikioni,
kwao saa tatu asubuhi, kwangu saa tano ya usiku wa jana,
nikasikia magurudumu ya kitanda yakipita kwenye vigae,
gurudumu moja likilia,
kisha Ketino akasema, wamemwingiza,
tukanyamaza wote wawili kwa gharama ya dakika.

Mama anatembea sasa. Kwa gongo, na kwa matusi.

Leo asubuhi theluji imefika magotini.
Lorne kaondoka na giza, zamu ya kwanza,
kaniachia koleo mlangoni na kikaratasi:
Mgongo umegoma. Ngazi hadi barabarani ni yako.
Nikavaa koti lake, nikachota, nikatupa, nikachota,
pumzi ikanigandia kwenye nyusi,
hadi mzee Wasylenko akafungua dirisha
akaniambia nisiache hata kipande,
manispaa humtoza faini mwenyeji
asiyesafisha mbele ya mlango wake.

Nikamwomba alirudie lile neno.
Akalirudia polepole, kwa sauti kubwa,
akidhani ni Kiingereza kimenipita.