Ng'ombe Aliyevaa Koti

Ulinijia Alhamisi, Bwana Sigilai,
Pajero imejaa vumbi la Mau Narok hadi kwenye kope,
na kabla sijafungua bomba ukanionya:
"Viti usivitie sabuni. Nimevipaka mwenyewe."

Nikafungua mlango.
Nikalakiwa na harufu ya zizi alfajiri:
mafuta ya kukamulia, kopo zima,
yamekaa juu ya kiti kama siagi juu ya jiwe.
Vumbi limenata humo. Nywele za mbwa zimenata.
Punje ya mahindi, moja, imezama hadi kiunoni.

Hoja yako niliielewa, usidhani niliicheka.
Kinacholainisha kiwele cha ng'ombe
kwa nini kisilainishe mgongo wake?
Mtu aliyefuga miaka thelathini ana haki ya kufikiri hivyo.

Lakini sikiliza. Ng'ombe huyu amevaa koti.
Huko kiwandani walimpaka rangi,
na juu ya rangi utando
mwembamba kuliko ganda la kitunguu,
unaozuia chai, jasho, wino wa mtoto,
na unaozuia mapenzi yako pia.
Hana kiu. Hanywi.
Ulichomnywesha kimebaki mlangoni kikibisha,
na Jumapili kikaondoka na gauni jeupe la mama watoto.
Ulikohoa hapo. Nikajua ni kweli.

Basi nilianza pembeni, chini ya kiti cha nyuma,
mahali pa kukosea bila kuonekana.
Povu tu, si maji; maji huingia kwenye mshono
na mshono hausahau.
Brashi ya nywele laini, duara, duara,
kama unavyomsugua ndama aliyezaliwa usiku;
kisha kitambaa, kabla povu halijakauka.
Kitambaa cha kwanza kilitoka rangi ya ugali wa wimbi.
Cha pili, chai ya maziwa.
Cha saba kilitoka kikiwa kitambaa.

Saa tisa ukarudi, ukainama, ukanuna.
"Mbona haking'ai?"
Bwana, ule mng'ao ulikuwa uchafu,
mafuta ya migongo na viwiko
yaliyopigwa pasi na suruali.
Kiti kizima haking'ai. Kinatulia.
Pitisha kidole: kikavu, laini, kama yai.

Ule mchubuko ubavuni mwa kiti chako,
unapoburura paja kila ukishuka,
sikuugusa. Pale koti limeisha,
na hakuna mafuta yanayorudisha koti.
Tafuta fundi wa rangi. Na ujifunze kushuka polepole.

Ukalipa. Ukahesabu noti kwa kulowesha kidole,
ukaiona mikono yangu ikizipokea:
miaka sita ya sabuni, baridi ya Menengai asubuhi,
vidole vimepasuka kama udongo wa Januari.
Hukusema kitu. Ulikwenda kwenye buti,
ukarudi na kopo jipya, bado lina karatasi ya bei,
ukaliweka juu ya pipa langu la maji
kama mtu aliyelisahau.

Usiku, Shabab, umeme umepotea,
nimekaa kitandani nikipaka.
Hii ngozi haijavaa kitu.
Inakunywa.